Hewa ya Ukumbini: Kufundisha Ana kwa Ana Wakati wa Janga



Tarehe 18 Machi 2020, siku mbili baada ya mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 kutangazwa nchini, vyuo vikuu vya Tanzania vilifungwa. Tarehe 1 Juni vikafunguliwa. Jirani zetu Uganda waliwarudisha kwanza wanafunzi wa mwaka wa mwisho, nayo ilikuwa Oktoba, na Juni 2021 wakafunga tena. Sisi tulifundisha uso kwa uso mfululizo, na chanjo haikuzinduliwa nchini hadi Julai 2021. Takwimu za maambukizi nazo zilikoma kutolewa mwishoni mwa Aprili 2020, hivyo mhadhiri aliingia darasani bila kujua hali ya ugonjwa mjini ikoje. Uzoefu huo ni mali, nami nasikitika kwamba tumeuandika kidogo mno.

Niseme msimamo wangu mapema. Kurudi darasani kulikuwa sahihi. Mwanafunzi aliyerudi kijijini na simu ya kitochi hangeweza kusoma kwa mtandao, na hata mwenye simu janja alitegemea bando la kujinunulia. Wanaosoma uuguzi, uhandisi au kemia hawawezi kujifunza kazi ya mikono kwa kutazama skrini. Kosa letu liko kwingine: tuliulinda mlango tukaisahau hewa.

Langoni paliwekwa ndoo za maji tiririka na vitakasa mikono. Hayo ni mema, na yafaa yabaki kwa ajili ya kipindupindu na magonjwa mengine ya tumbo. Lakini kirusi hiki husafiri zaidi kwa pumzi. Mtu aliyenawa vizuri akaketi saa mbili katika chumba kilichofungwa, pembeni ya mgonjwa, hajakingwa na ile sabuni. Hewa ya nje ina kabonidayoksaidi sehemu zipatazo 420 katika kila milioni. Ukumbi uliojaa watu na usio na upepo huvuka 1,000 kwa muda mfupi, na hiyo ni dalili kwamba kila mmoja anavuta pumzi za wenzake. Kipo kifaa kidogo cha kupima hali hiyo, kinachotosha mkononi. Kingepaswa kuwamo katika kila kitivo.

Hapa majengo yetu ya zamani yanatufundisha. Kumbi nyingi za miaka ya 1960 zilisanifiwa kwa ajili ya joto la pwani: dari ndefu, madirisha pande mbili, upepo unaingia huku na kutokea kule. Majengo mapya tumeyaziba kwa vioo, tukayapachika viyoyozi vya ukutani. Wengi hawajui kwamba kiyoyozi cha aina hiyo hakileti hewa mpya hata kidogo. Huipoza ileile ya chumbani na kuizungusha tena. Ukumbi wenye joto na madirisha wazi ni salama kuliko wenye ubaridi uliofungwa.

La pili ni sauti. Mtu anayepaza sauti hutoa chembechembe nyingi zaidi kuliko anayezungumza taratibu. Mhadhiri asiye na kipaza sauti, mbele ya mamia ya wanafunzi, atapiga kelele, na barakoa ataishusha kidevuni ili asikike. Tusimlaumu. Kipaza sauti kinachofanya kazi ni kifaa cha afya sawa na barakoa, hasa kwa maprofesa wetu waliovuka miaka 60, ambao ndio ugonjwa huu uliwatishia zaidi.

Kugawa darasa makundi mawili kulisaidia palipowezekana. Lakini mhadhiri aliyefundisha somo lilelile mara mbili aliongezewa mzigo, na saa zake za ziada zihesabiwe kama kazi.

Linaloniumiza zaidi ni mwanafunzi mgonjwa. Anakohoa, ana homa, naye anakuja kwa sababu asiposaini mahudhurio ataulizwa, na akikosa jaribio alama za kozi zinapungua. Kanuni zetu zinampa mtihani maalumu akileta cheti cha daktari, lakini kukipata ni foleni na nauli. Tunamlazimisha achague kati ya alama zake na mapafu ya wenzake, kisha tunamwita mzembe.

Shirika la Afya Duniani lilitangaza Mei 2023 kwamba dharura ya UVIKO-19 imekwisha. Kifua kikuu hakijaisha, nacho huenea kwa hewa hiyohiyo katika kumbi hizohizo.

Kwa hiyo naomba seminari hii ipeleke mambo matatu kwenye seneti kabla ya muhula ujao: madirisha yaliyokwama yafunguliwe na kukarabatiwa, kila ukumbi mkubwa upate kipaza sauti kizima, na mwanafunzi mgonjwa aruhusiwe kukosa siku tatu kwa taarifa yake mwenyewe bila kupoteza alama.