Watoto wetu wachore nini? Vitabu vya picha na amani
Maneno yaliyotolewa Likasi mbele ya familia zilizohama makwao na viongozi wa mitaa

 

Leo tunazungumza juu ya vitabu vya picha vya watoto. Mtu anaweza kuuliza: tumekosa unga na mabati, vitabu vya nini? Ni swali la haki. Jibu letu ni hili: anayekimbia huacha nyumba na shamba, lakini habari za kwao anazibeba. Mtoto atazipokea kwetu, au atazipokea kwa wenye chuki.

Kitabu cha picha kilichofungulia wengine njia huko Ulaya kilitungwa na mkimbizi. Comenius alikuwa mwalimu aliyetoka kwao Moravia kwa sababu ya vita vya dini. Mwaka 1656 mji wa Leszno, alikokuwa amekimbilia, ulichomwa, na maandishi yake mengi yakaungua. Miaka miwili baadaye, mwaka 1658, kitabu chake kilitoka Nuremberg: picha, na chini yake maneno ya Kilatini na Kijerumani. Mtoto alisoma kwa macho kwanza.

Hapa Katanga pia picha ni mwalimu wa zamani. Waluba walikuwa na lukasa, kibao cha mti chenye shanga. Wajuzi wa chama cha Mbudye walikigusa kwa vidole na kusimulia habari za wafalme. Baadaye wachoraji wa miji yetu walichora picha za kutundikwa nyumbani, zikaitwa ukumbusho. Mmoja wao, Tshibumba Kanda Matulu, alichora historia ya nchi kwa picha zaidi ya 100 katika miaka ya 1973 na 1974, nyingine juu ya magunia ya unga, akazieleza kwa Kiswahili cha huku. Picha hizo zilitoka katika kitabu mwaka 1996. Mcongomani mwingine, Dominique Mwankumi, anachora vitabu vya watoto vinavyosomwa hata Ufaransa.

Lakini ukumbusho unaweza kuponya, na unaweza kuwasha moto. Likasi inajua. Mwaka 1992 na 1993 maelfu ya watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa, wakalala gare wakingoja treni, na wengine walifia pale. Kabla ya kufukuzwa walikuwa wameitwa bilulu, yaani wadudu. Mtu akiisha kuitwa mdudu, kumfukuza kunakuwa kazi nyepesi. Ndiyo maana tunasema: katika kitabu cha mtoto, kila mtu awe na uso na jina, hata yule wa upande mwingine.

Kazi yenyewe si ya gharama. Karatasi 4 zikikunjwa katikati na kushonwa kwa uzi zinatoa kurasa 16. Ukurasa mmoja, picha moja na sentensi fupi. Maneno yasirudie picha: kama picha inaonyesha mama amebeba mzigo, maneno yaseme anakwenda wapi. Swali liwekwe ukurasa huu, jibu lingoje mtoto afunue ukurasa.

Mtoto asilazimishwe kuchora vita. Akichora mwenyewe, asikatazwe wala asichekwe. Mtu mzima akae karibu naye, asikilize. Wengine watachora mbuzi wao, mto wa kwao, mwembe wa bibi. Hiyo nayo ni historia.

Kwenu viongozi tuna ombi moja. Tafuteni mahali penye kivuli, mkawaketishe pamoja watoto wa waliohama na watoto wa wenyeji. Mtoto wa mwenyeji achore habari ya mwenzake aliyehama, na huyo achore ya mwenyeji. Kumchora mtu kunataka umtazame sana na umwulize mengi. Kisha vitabu vipite nyumba hadi nyumba, wazazi wavisome pia.

Hatuwaahidi kwamba kitabu kitarudisha shamba. Madai ya mashamba na ya haki yaendelee mahali pake. Lakini watoto hawa watakaa mji mmoja miaka mingi. Wajuane leo kwa majina.