Jumla ya Mia: Kupima Asidi za Mafuta ya Makadamia ya Meru na Embu



Mti wa makadamia uliletwa Kenya kutoka Australia katika miaka ya 1940, ukapandwa kwanza upande wa Thika. Leo umesimama katikati ya kahawa kuanzia Manyatta na Runyenjes hadi Imenti Kusini. Zaidi ya nusu ya mafuta yake ni asidi ya oleiki. Kinachoyatambulisha hasa ni palmitoleiki, adimu katika mafuta mengi ya kupikia, ambayo humu hukaribia asilimia 20. Anayeshuku kwamba yamechanganywa na ya alizeti huitazama hiyo kwanza.

Kromatografia ya gesi hutuchorea vilele vya asidi hizo. Programu hujumlisha maeneo yake, ikayagawa kwa asilimia, na jumla ni 100 siku zote. Hapo ndipo kosa hujificha. Shamba la marehemu likigawanywa bila kumwita mrithi mmoja, ekari zinatimia vilevile. Asidi iliyopotea kwenye chupa nayo sehemu yake huchukuliwa na zilizobaki.

Huku kwetu zinazopotea ni asidi huru. Mabroka hununua njugu changa, zikalala guniani na unyevu wake, na mafuta yakaanza kuvunjika. Mamlaka ya Kilimo na Chakula imekuwa ikifunga msimu wa mavuno kwa sababu ya uchanga huo, lakini gunia bichi bado hufika maabara. Sasa, njia tunayoipenda kwa wepesi wake, ya potasiamu haidroksidi ndani ya methanoli, hugeuza mafuta kuwa esta za methili kwa dakika chache. Asidi iliyokwisha kuwa huru huigeuza sabuni tu, nayo haifiki kwenye mashine. Njugu mbovu ikatoa jedwali safi! Kwa sampuli za namna hiyo, chemsha kwanza na alkali, kisha utumie boroni trifloridi ndani ya methanoli, chini ya kabati la kuvuta hewa, maana ni sumu.

Jambo la pili ni asidi ya rejea yenye kaboni 19, ambayo makadamia hayana. Ipimwe kwa mizani na kutiwa mwanzoni kabisa, ikiwa trigliseridi, ili ipite hatua zilezile. Kwa kulinganisha nayo, matokeo yaandikwe kwa gramu. Mafuta mazima hutoa takriban gramu 95 za asidi kwa kila gramu 100, zilizosalia zikiwa za gliseroli. Ukipata 80, kuna kilichopotea, na asilimia isingekwambia.

Mrija mfupi wa mashine nao huunganisha oleiki na vaseniki, jirani yake. Wa mita 100 huzitenganisha.

Kabla ya kusaga, tumbukiza viini vya njugu majini. Chenye mafuta ya asilimia 72 au zaidi huelea, na kipimo hicho hakihitaji umeme. Vilivyozama vikaushwe, visagwe peke yake, na idadi yake iandikwe juu ya ripoti.