Kuku Wasiotaka Kulala Bandani

Mazungumzo yetu ya leo ni juu ya taabu inayowapata watu wengi kila siku jua linapokuchwa, nayo ni kuku wanaokataa kuingia bandani. Watoto hukimbia huku na huku wameshika vijiti, mama wa nyumba huita mpaka sauti ikamkauka, na kuku huruka wakatua juu ya mwembe au juu ya paa la jiko. Usiku huingia, watu huchoka, na kuku huachwa kule kule juu. Kisha husemwa, "Kuku hawa ni wakaidi." Sisi twataka kuwaonyesha leo ya kwamba mara nyingi ukaidi si wa kuku. Kuku akilikataa banda ana sababu. Na mwenye kuku akiitafuta sababu hiyo na kuiondoa, kazi iliyobaki ni nyepesi.

Wala jambo hili si dogo. Wazee walisema, "Kuku wa maskini hatagi, akitaga haangui, na akiangua halei." Methali hii ni ya bahati mbaya, lakini ukiichungua utaona kwamba sehemu kubwa ya bahati hiyo huletwa na usiku. Kuku aliyezoea kulala nje hutaga nje vilevile, na mayai yake huliwa vichakani na kenge au nyoka. Akiatamia huko, kicheche au kanu humkuta juu ya mayai yake. Akisalimika hata akaangua, vifaranga huvamiwa na siafu au hunyeshewa na mvua wakafa kwa baridi. Asubuhi mwenyewe huokota manyoya. Na kuku wa kijijini si kitoweo tu: ni chumvi na sabuni, ni daftari la mtoto, ni heshima ya mgeni aliyekuja bila taarifa. Apoteaye kuku kumi kwa mwaka amepoteza akiba yake.

Na tuanze kwa kuitazama asili ya ndege huyu. Kuku wetu wametokana na kuku wa mwitu wanaokaa katika misitu ya India na nchi za kusini-mashariki ya Asia. Ndege hao hata leo huchakura chini mchana kutwa, na jioni hupanda mitini kulala, ili wanyama wawindao usiku wasiwafikie kwa urahisi. Binadamu wamemfuga kuku kwa miaka elfu kadhaa, lakini desturi hiyo haijamtoka. Basi kuku apandaye mwembe hamkaidi mtu. Afanya kama walivyofanya babu zake. Tena macho ya kuku, yaliyo makali sana mchana, hayafai gizani. Kwa hiyo huchagua mahali pa kulala kungali na mwanga, wala hapendi kuingia katika chumba cheusi asichoona ndani yake mna nini. Nasi tukaao karibu na ikweta tunajua jinsi giza linavyoingia upesi baada ya jua kuchwa. Muda wake wa kuchagua ni mfupi.

Kutokana na hayo twajua banda lapasa kuwaje. Kwanza, liwe na fito za kupandia, kwa sababu kuku hapendi kulala chini. Fito ziwe nene kama mpini wa jembe, zimelainishwa zisimchome miguu, nazo ziwe juu ya ardhi kwa futi 2 au 3. Ziwe juu kuliko viota vya kutagia; zikiwa chini, kuku watalala viotani na kuchafua mayai. Kila kuku apate nafasi ya shibiri moja, yaani inchi 9 hivi. Fito zote zilingane kwa urefu kutoka chini, maana kuku hugombea palipo juu. Katika mwaka 1922 mtaalamu wa Norway aitwaye Thorleif Schjelderup-Ebbe alichapisha habari za jinsi kuku wanavyopangana kwa vyeo: mkubwa humdonoa aliye chini yake, naye humdonoa wa chini yake tena. Katika banda lenye msongamano, mnyonge wa mwisho hudonolewa mlangoni kila jioni, hata akaona heri ya mwembeni.

Pili, banda liwe na hewa na nuru. Upande mmoja, sehemu ya juu, uachwe wazi na kuzibwa kwa wavu wa waya wenye matundu madogo. Mlango ukielekea magharibi, mwanga wa mwisho wa jua huingia ndani, na kuku huona njia yake.

Lakini sasa yaja sababu ambayo wengi hawaioni. Tuseme kuku walikuwa wakilala bandani bila taabu, kisha wakaanza kukataa. Hapo usichukue fimbo, chukua taa. Nenda usiku ukatazame chini ya fito, katika ncha zake na katika nyufa za kuta. Yumkini utawakuta utitiri. Wadudu hao wadogo sana hujificha nyufani mchana, na usiku hutoka kunyonya damu. Mwenye njaa ana rangi ya kijivu. Aliyeshiba ni mwekundu. Pangusa chini ya ufito kwa kitambaa cheupe: ukiona madoadoa ya damu, umempata mwizi wako. Papasi wa kuku nao hufanya kazi hiyo hiyo. Kuku anayenyonywa hukonda, upanga wake huwa mweupe, hupunguza kutaga, na mwisho hulikimbia banda. Je, ni nani kati yetu angerudi katika kitanda chenye kunguni kwa kupigwa kelele?

Kuliacha banda tupu kwa muda wa mwezi mmoja hakutoshi, maana utitiri waweza kukaa miezi mingi bila kula. Toeni fito zote nje. Nyasi za viotani zichomwe moto. Fagieni, kisha mwageni maji yanayochemka katika kila ufa, na fito pia. Zianikeni juani. Zibeni nyufa kwa udongo, na kuta mzipake chokaa. Baada ya siku 7 rudieni kazi hiyo, kwa sababu mayai yaliyosalia huangua, na wakati wa joto utitiri hukua upesi katika muda wa juma moja tu. Wekeni uani shimo la mchanga mkavu uliochanganywa na majivu, ili kuku wajioshe humo. Wadudu wakizidi, mwulizeni bwana mifugo dawa ifaayo. Lakini dawa ya kunyunyizia pamba au mboga msiitumie kwa kuku kamwe, kwani yaweza kumdhuru kuku na mlaji wa mayai.

Banda likiwa safi, sasa yafaa kumfundisha kuku. Wazee wasema, "Kuku mgeni hakosi kamba mguuni." Walijua kwamba mgeni hana budi kuzuiwa mpaka apajue kwake. Lakini kamba humkata mguu, nasi twasema, banda lenyewe liwe kamba. Wafungieni kuku wageni bandani kwa siku 7, wakipata chakula na maji humo humo. Siku ya nane wafungulieni saa 11 jioni, saa moja tu kabla ya jua kuchwa, ili wasipate nafasi ya kwenda mbali. Kisha waiteni kwa sauti ile ile kila siku, na konzi ya mtama au pumba itupwe ndani ya banda, si nje. Kuku husahau mengi, lakini mahali pa chakula cha jioni hapasahau.

Wale waliozoea mwembe, msiwarushie mawe. Ngojeni giza liingie sawasawa, wakati ambapo kuku hukaa kimya, mkawateremshe polepole na kuwaweka juu ya ufito kwa mkono, mmoja mmoja. Fanyeni hivyo usiku baada ya usiku bila kuruka hata mmoja, na matawi ya chini yakatwe. Kuku afukuzwaye na kusukumwa mlangoni hujifunza kwamba bandani ni mahali pa hofu. Aamkaye kila asubuhi juu ya ufito, salama, hujifunza kwamba pale ni kwake. Kuku mwenye vifaranga mpeni pembe yake chini, yenye nyasi kavu, au tenga, kwani watoto wake hawawezi kupanda. Na kama ndani mna giza mno, mulikeni kwa kurunzi dirishani kwa dakika chache; msitie moto wa kibatari katika banda la makuti.

Wakiisha kuingia, wahesabuni na mlango ufungwe papo hapo. Mlango uliosahauliwa wazi ni mbaya kuliko mti, kwa sababu kicheche huwakuta wote mahali pamoja. Palipo na siafu, banda liinuliwe juu ya nguzo, na kila nguzo isimame katika kopo lenye mafuta machafu. Alfajiri wafungulieni mapema.

Iko faida moja zaidi. Maradhi ya kideri, yaitwayo pia mdondo, ambayo yalijulikana katika mwaka 1926 huko Java na katika mji wa Newcastle, Uingereza, yaweza kuua karibu kuku wote wa kijiji kisicho na kinga. Kinga ipo, nayo ni tone moja la chanjo jichoni, linalorudiwa kila miezi 3 au 4 kwa maagizo ya bwana mifugo. Lakini ni nani awezaye kumtia tone jichoni kuku aliye juu ya mwembe? Walalao bandani hukamatwa wote alfajiri kabla ya mlango kufunguliwa, bila mbio. Yule wa mwembeni hukosa, na siku ya maradhi ndiye wa kwanza kuanguka.

Basi, wasikilizaji wetu, jioni ya leo kabla ya kumlaumu kuku, likagueni banda. Tazameni fito, tazameni nuru, tazameni nyufa. Mkiisha kulifanya liwe nyumba, hamtahitaji fimbo. Mtahitaji mkono wa kufunga mlango tu.