Kabla Hujafowadi: Huruma Yetu Isiwe Shamba la Bibi

(Haya ni maandishi ya mada niliyowasilisha kwenye semina ya vijana. Nimeyanyoosha kidogo ili yasomeke.)

 

Mada niliyopewa ni ujumbe wa kuomba msaada unaozunguka mitandaoni, ule wa "sambaza kwa watu kumi". Najua kuna waliokwisha kuguna. Wanasema tuongelee katiba mpya, tuongelee tume huru, hizi meseji za magrupu ya familia zinatuhusu nini? Zinatuhusu sana, na naanza na sababu.

Tarehe 10 Machi 2020, Mahakama ya Kisutu iliwatia hatiani aliyekuwa Mwenyekiti wetu Freeman Mbowe na wenzake. Faini kwa jumla: shilingi milioni 350. Usipolipa, jela miezi mitano. Hatukuwa na tajiri wa kutuandikia hundi. Watu walichanga kwa simu, buku buku, elfu mbili mbili, na viongozi wakatoka Segerea ndani ya siku chache. Mwaka uliofuata Mahakama Kuu ikaifuta hukumu ile. Lakini siku ile ya Machi kilichotuokoa ni kitu kimoja: mtu akiona wito wa mchango, aliamini.

Imani hiyo ndiyo inayoliwa na meseji za uongo. Kila mtu anayetapeliwa kwa picha ya mtoto mgonjwa, wito unaofuata ataupita bila kuusoma. Na wito unaofuata unaweza kuwa wa dhamana yako wewe.

Sasa tuangalie kitu chenyewe. Mfano huu nimeutunga, ila mtauona kama mnaufahamu:

"TAFADHALI USIFUTE!!! Mtoto huyu ana miaka sita, ana uvimbe kwenye ubongo. Kampuni ya simu imekubali kumchangia shilingi 100 kwa kila atakayesambaza ujumbe huu. Imethibitishwa na madaktari. Mimi nimeshatuma, wewe je? Ukipuuza, kumbuka na wewe una watoto."

Huu si ubunifu wa Kitanzania na si wa leo. Mwaka 1997 ilizunguka barua pepe ikidai kuna mtoto wa miaka saba, Jessica, mwenye saratani, na kwamba Shirika la Saratani la Marekani, American Cancer Society, lingetoa senti tatu kila barua ile inapotumwa kwa mtu mwingine. Shirika lilikana. Mpango huo haukuwapo, na Jessica hakuwapo. Barua ikaendelea kuzunguka miaka na miaka, ikibadilishwa jina la mtoto na aina ya ugonjwa. Tunazozipokea leo kwenye WhatsApp ni wajukuu zake.

Swali la kwanza la kujiuliza ni dogo: huyo anayelipa anahesabu vipi? Barua pepe ikitoka kwako inapita kwenye seva za kampuni tofauti, na hakuna daftari la pamoja linaloandika imefowadiwa mara ngapi. WhatsApp nako ujumbe umefungwa kati ya anayetuma na anayepokea, kwa hiyo kampuni ya simu haiwezi kuusoma ikajua una picha ya mtoto gani. Pale uonapo "kila ukisambaza atalipwa", huna haja ya kuchunguza zaidi. Ni uongo. Hata kama picha ni ya kweli, hata kama mtoto ni mgonjwa kweli, malipo hayo hayapo.

Dalili ya pili ni kukosekana kwa tarehe. "Wiki iliyopita", "jana usiku", "leo asubuhi". Jana ya lini? Hapa niwaambie kisa kingine. Mwaka 1989 kulikuwa na mvulana wa Uingereza mwenye uvimbe kwenye ubongo aliyetaka kuvunja rekodi ya kupokea kadi nyingi za kutakiwa heri. Ombi lilikuwa la kweli. Kadi zikaja kwa mamilioni, rekodi ikavunjwa, na mwaka 1991 akafanyiwa upasuaji Marekani akapona. Lakini ombi halikupona naye. Liliendelea kusambazwa miaka mingi baadaye, na familia ikawa inaomba watu waache, hawasikilizwi. Kwa hiyo hata wito wa kweli, usipokuwa na tarehe na mwisho, unageuka kuwa uongo ukiwa bado unatembea.

Dalili ya tatu, vitisho na baraka. "Usipotuma huna moyo." "Tuma kwa watu saba upate habari njema." Mgonjwa wa kweli anahitaji jina la hospitali, kiasi kinachohitajika na mtu wa kumpigia. Hana muda wa kukulaani.

Dalili ya nne, shahidi asiye na jina. "Daktari wa Muhimbili amesema." Daktari nani? Wodi ipi? Sisi tunaosoma sheria tunafundishwa mapema kwamba ushahidi wa kuambiwa na mtu aliyeambiwa na mtu hausimami mahakamani isipokuwa kwa sababu maalumu. Na kwenye simu yako usiuache usimame.

Mtu atauliza, sasa anayetunga anapata nini kama hakuna hela? Wakati mwingine hapati kitu, anafurahia tu kuona uongo wake umefika mbali. Lakini mara nyingi kuna faida. Barua pepe inayofowadiwa bila kusafishwa hubeba anwani za wote waliotangulia, na hizo anwani ni bidhaa kwa watu wa matangazo na matapeli. Kwingine kuna linki ya kubonyeza. Na kwingine, hasa huku kwetu, baada ya mzunguko kadhaa mtu mmoja anaongeza mstari wa mwisho: "Changia kwa namba hii." Huruma imeshapashwa moto na wengine, yeye anakuja kupakua.

Na tusidhani kwamba kuona jina linalofanana na la taasisi inatosha. Tetemeko la Kagera lilitokea tarehe 10 Septemba 2016. Kabla mwezi haujaisha, Rais Magufuli aliwaondoa kazini baadhi ya watendaji wa mkoa kwa madai kwamba ilifunguliwa akaunti ya pili ya benki yenye jina la kufanana na ile rasmi ya maafa. Nani alikuwa na hatia na nani hakuwa nayo, hilo si langu. Funzo langu ni hili: namba ya akaunti inathibitishwa kutoka kwa mwenye akaunti, haithibitishwi na jina lililoandikwa kwenye tangazo.

Sasa upande wa sheria, maana ndio niliopewa hasa.

Anayejipatia fedha kwa mgonjwa hewa anatenda kosa la kujipatia mali kwa njia ya udanganyifu, kifungu cha 302 cha Kanuni ya Adhabu. Hilo halina utata. Anayechukua picha ya mtoto wa watu wodini na kuirusha bila idhini, siku hizi ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na Tume yake inapokea malalamiko. Taarifa za afya ya mtu ni taarifa nyeti.

Lakini kifungu ninachotaka mkikariri ni cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Kinamhusu anayechapisha taarifa huku akijua ni ya uongo, ya kupotosha au isiyo sahihi, kwa nia kama ya kukashifu, kutukana au kudanganya umma. Adhabu: faini isiyopungua milioni tano, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote. Sikilizeni hilo neno "isiyopungua". Hakimu akikuona ni mwanafunzi, kosa la kwanza, hana pa kushukia. Tumekipinga kifungu hiki na tutaendelea kukipinga, kwa sababu tumeona kikitumika dhidi ya watu walioandika maoni yao tu kuhusu wakubwa.

Utasema, mimi nilifowadi kwa nia njema, sikujua ni uongo. Sawa, huo ni utetezi, na ni utetezi mzuri. Ila mara nyingi utautoa ukiwa umeshalala mahabusu, simu yako imeshachukuliwa, na kwenye simu hiyo kuna magrupu yote ya kata. Kijana wa upinzani asimpe mtu sababu ya bei rahisi namna hiyo. Wakukamate kwa ulichokisema ukakiamini, wasikukamate kwa mtoto asiyekuwapo.

Basi tufanye nini ujumbe unapoingia?

Kwanza, usisambaze, hata kwa kuuliza "jamani hii ni kweli?". Grupu la watu mia mbili watasoma ujumbe, swali lako hawataliona. Ukiona alama ya mishale miwili, ujue ujumbe huo umeshapita mikono mingi.

Pili, piga simu. Kama umetajwa hospitali, piga hospitali. Kama ni namba ya mtu, mpigie na umuulize: mgonjwa anaitwa nani, yuko wodi gani, naweza kuja kumwona? Tapeli hupenda meseji, hapendi ugeni. Picha nayo ichunguze kwa kuitafuta Google. Mara nyingi utaikuta ilitumika nchi nyingine miaka ya nyuma.

Tatu, kama unataka kuchangia, soma jina linalotokea kwenye simu kabla hujathibitisha malipo. Haliendani na la aliyeomba? Simama hapo hapo.

Nne, meseji ya utapeli itume kwenda 15040, namba ya TCRA. Ni bure. Kama hela imeshaondoka, toa taarifa kwa mtandao wako wa simu mara moja, kisha polisi. Na usifute kitu. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inatambua ushahidi wa kielektroniki, ila mahakama itataka kujua ulitunzwaje. Piga skrinshoti, lakini ujumbe wenyewe nao uache kwenye simu.

Tano, wazazi wetu. Usimwumbue mama mdogo mbele ya ukoo mzima. Mfuate pembeni: "Shikamoo mama. Ile ya mtoto nimeifuatilia, hospitali wanasema hawana mgonjwa huyo. Naomba uitoe wasije wakakutumia wewe kutapeli watu." Mara nyingi ataitoa mwenyewe, na atawatangazia wenzake kwa sauti kuliko ambavyo ungetangaza wewe.

Mwisho, na hapa naomba viongozi mnivumilie. Haya yote hayatasaidia kama na sisi tunaomba michango kwa mtindo ule ule. Nimeona matangazo ya kuchangia makamanda waliokamatwa au waliolazwa: hayana tarehe, yana namba ya mtu binafsi, hayasemi lengo ni kiasi gani, na baada ya hapo kimya. Tofauti yake na ile ya mtoto hewa mtu wa Nachingwea ataijuaje?

Napendekeza kila mchango wetu uwe na mambo matano: sababu na jina la anayechangiwa kwa ridhaa yake, akaunti au namba yenye jina la chama, tarehe ya kuanza, tarehe ya kufunga, na mrejesho wa kilichopatikana na kilivyotumika, hadi shilingi ya mwisho. Wito usio na hayo, hata ukiwa na bendera yetu, kijana yeyote awe na haki ya kuuliza bila kuitwa msaliti.

Tunadai serikali ituoneshe hesabu za kodi yetu. Anayedai hesabu aanze na kibubu chake. Na siku Segerea itakapofunguliwa tena kwa ajili ya mmoja wetu, mama anayeuza vitumbua atoe buku lake bila kusita, kwa sababu la mwisho alilotoa alijua lilikwenda wapi.

 Maswali nayapokea, ya sheria nitajibu, ya kuazima bando sitajibu.