Likizo ya Baba, Mazoezi ya Mama

Mwaka 1993 Norway iliwatengea akina baba wiki 4 za likizo ya uzazi yenye malipo. Baba asipozichukua, familia inazipoteza. Awali wazazi walikuwa huru kugawana, ila baba waliochukua hawakufika mmoja kati ya 20. Miaka michache baadaye waliochukua ndio wakawa wengi. Wapo wanaosema serikali isiingilie ya chumbani. Sawa, lakini uhuru ule wa awali ulitawaliwa na jicho la mwajiri. Sheria ilimpa baba sababu asiyoweza kubishiwa kazini.

Hapa ndipo mazoezi ya mama yanapoingia: ili akimbie, lazima mwingine ashike mtoto. Tafiti za matumizi ya muda, katika nchi nyingi, zinaonyesha mama wa watoto wadogo ana saa chache za kujipumzisha kuliko baba. Kumhimiza akimbie asubuhi bila kuuliza nani amebaki na mtoto ni kumlaumu bure. Atasema mtu likizo fupi haibadili mazoea, na kwa hilo hajakosea: siku 3 ambazo sheria ya kazi ya Tanzania ya 2004 inampa baba hazitoshi hata kujua kumwogesha mtoto. Norway sasa imefika wiki 15.