Pua Nayo ni Kiungo
(Dominika ya 3 ya Mwaka, Mwaka C)



Somo la pili la Dominika hii ni lile la Mtume Paulo kwa Wakorintho juu ya mwili mmoja wenye viungo vingi. Tumelizoea mno. Tunakumbuka jicho na mkono, kichwa na miguu, na aghalabu tunalitumia kuwapatanisha wanakwaya waliogombana. Lakini mna humo swali dogo ambalo wengi hulipita bila kusimama: Mtume anauliza, ikiwa mwili mzima ungekuwa wa kusikia tu, kunusa kungekuwa wapi? Katika viungo ambavyo mwili hauwezi kuvikosa, Paulo ameikumbuka pua. Leo tusimame hapo, kwa kuwa katika jumuiya zetu za Mbagala, tangu Zakhem hadi Rangi Tatu na Charambe, wapo ndugu ambao kiungo hiki kilinyamaza miaka kadhaa iliyopita, na hadi leo hakijasema sawasawa.

Mnayakumbuka majira yale. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini mwetu alitangazwa tarehe 16 Machi 2020. Mnaikumbuka pia nyungu: chungu cha maji ya moto, majani ya mkaratusi na mwarobaini, mchaichai, malimau, na mtu amejifunika blanketi gubigubi. Wako waliougundua msiba wao humo humo ndani ya blanketi. Mvuke uliwachoma uso, jasho likawatiririka, lakini majani hayakuwa na harufu. Walidhani ni mafua, yatapita. Kwa wengi yalipita kweli baada ya majuma machache. Kwa wachache hayakupita.

Wataalamu wanatueleza lililotokea. Juu kabisa ndani ya pua kuna utando mdogo wenye seli za neva zinazopokea harufu, na kando yake zimo seli nyingine zinazozitegemeza na kuzihudumia. Virusi vya korona vilizishambulia hasa hizo seli watumishi. Zilipoanguka, zile za kunusa nazo zikashindwa kazi. Nadhani Mtume Paulo angependa sana kulisikia jambo hili. Mafua mengine yalikuwa yakileta dhara hilo hilo tangu zamani. Korona iliwaongeza wahanga. Seli za kunusa zimejaliwa kuota upya, na kwa hiyo wengi hupona. Mara nyingine, hata hivyo, mawasiliano yake na ubongo hurudi yamepotoka, na mtu huanza kusikia harufu zilizogeuka: kahawa inanuka kama kitu kilichooza, kitunguu kinachokaangwa kinamtia kichefuchefu.

Sasa mtazameni mama mmoja wa Mbagala, ambaye sitamtaja jina. Ni mama lishe. Kazi yake yote ilikuwa puani: kwa pua alijua kwamba wali unaanza kushika chini, kwamba maharage yamechacha, kwamba samaki aliyeletwa ni wa juzi. Tangu alipougua mwaka 2021 hayajui hayo. Mwanzoni hakusikia chochote. Baadaye zikaja hizo harufu zilizogeuka. Ulimi wake humwambia chumvi, sukari, uchungu na ukali wa limau. Mengi ya yale tunayoyaita ladha ni kazi ya pua. Siku moja aliwapakulia wateja maharage yaliyochacha, wakamtukana hadharani. Msibani alishindwa kula pilau, wakasema anaringa. Alipojaribu kueleza, aliambiwa kwamba ana bahati, maana haisikii mitaro yetu wakati wa masika. Najua wasemao hawakuwa na nia mbaya. Lakini aliyekatwa mguu hatumwambii kwamba ana bahati ya kutonunua viatu viwili.

Liko lililomliza zaidi. Mjukuu wake alibatizwa, akapakwa utosini Krisma Takatifu, yale mafuta ambayo Askofu huyachanganya na manukato na kuyaweka wakfu. Nyumbani watu walipokezana mtoto, kila mmoja akiinamia utosi ule na kutabasamu. Bibi naye aliinama, akavuta pumzi, asipate kitu. Kwa kuwa mhubiri mmoja alikuwa ameshamwambia kwamba amefungwa na pepo, tena akamwuzia chupa ya mafuta, alikuja kuniuliza: “Baba Padre, kama hata harufu ya Mungu siisikii, nimekosa nini?”

Hakukosa kitu. Bwana wetu alipoulizwa juu ya yule aliyezaliwa kipofu, alikataa kuutafuta ugonjwa ule katika dhambi za mtu huyo au za wazazi wake. Na neema ya Krisma haiingii kwa njia ya pua. Mzee Isaka alinusa vizuri kabisa mavazi ya mwanawe, na bado alidanganyika. Hata hivyo sikuthubutu kumwambia mama huyu kwamba alichopoteza ni kidogo. Mwinjili Yohane, akisimulia Bethania, hakusahau kwamba nyumba nzima ilijaa harufu ya marhamu. Kama Injili imeitunza harufu ile, bibi huyu ana haki ya kuililia ya mjukuu wake.

Sisi katika Kiswahili twasema kusikia harufu, kama tusemavyo kusikia njaa, baridi au neno la mtu. Basi asiyesikia anahitaji wa kusikia kwa niaba yake, na hapo jumuiya ina kazi ya mikono. Gesi ya mitungi kwa asili haina harufu. Hutiwa uvundo makusudi ili ikivuja tushtuke. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unatuhimiza tuiache kuni na mkaa, na ni jambo jema. Lakini kwa mama huyu onyo la mtungi ni bubu. Binti wa jirani, akienda shule, hupita kwake alfajiri, akanusa mtungi, akanusa sufuria, akaenda zake. Hakuna aliyemtuma.

Dawa ya hakika haijapatikana. Huko Dresden, Ujerumani, Profesa Thomas Hummel na wenzake walieleza mwaka 2009 zoezi la kunusa waridi, mkaratusi, limau na karafuu, asubuhi na jioni, kwa majuma 12. Baadhi walipata nafuu, si wote. Waridi kwetu ni adimu, lakini karafuu za Pemba zipo sokoni. Aende kwanza kwa daktari wa masikio, pua na koo, hata Muhimbili, kisha aanze, wala asikate tamaa mwezi wa kwanza. Mama wetu hulifanya zoezi hilo kabla ya sala ya asubuhi na ya jioni. Juma lililopita alisema karafuu imeanza kumpa kitu kama moshi.

Nanyi makatekista, katika sala ya waamini leo ongezeni ombi kwa ajili ya wagonjwa ambao ugonjwa wao hauonekani kwa macho. Majina yao msiyataje, isipokuwa wenyewe wameruhusu.