Daftari la Muleba na habari za majambazi

Yafuatayo ni maneno aliyoyasema mwandishi wetu mjini Bukoba mbele ya walimu na watumishi wa Serikali kutoka Bukoba na Muleba.



Nilipoalikwa niliombwa nizungumzie maadili ya vijana. Naomba radhi, kwani sitayazungumzia kwa ujumla wake. Jambo likizungumzwa kwa ujumla, kila msikilizaji huliona linamhusu jirani yake. Mimi nitazungumzia daftari moja.

Daftari hilo nilionyeshwa na mwalimu wa shule moja ya sekondari wilayani Muleba. Juu yake pameandikwa "Jiografia", lakini ndani hamna jiografia. Mwenye daftari, kijana wa kidato cha pili, amenakili humo, kwa mwandiko safi na wino wa rangi mbili, maisha ya majambazi mashuhuri na ya waimbaji wa muziki wa kufokafoka waliokulia mitaani. Yumo Al Capone wa Chicago. Wamo Tupac Shakur na Notorious B.I.G. Wamo majambazi wa Nairobi, na vijana wa Dandora na Temeke waliotoka vijiweni wakapata jina. Kila mmoja ameandikiwa magari yake, fedha zake, maadui zake na siku aliyokufa. Mwalimu aliniambia kwamba wenzake wanataka kijana huyo afukuzwe shule kwa kuhusudu uhalifu, akaniuliza mimi naonaje. Siku ile sikuwa na jibu. Haya ninayoyasema leo ndiyo jibu langu.

Yatupasa kwanza tukiri kwamba kazi ile ni ya mwanafunzi hodari. Kijana ambaye, kwa maelezo ya walimu wake, hawezi kukumbuka mwaka wa Mkutano wa Berlin, ameandika bila kosa kwamba Tupac alipigwa risasi mjini Las Vegas tarehe 7 Septemba 1996 akafariki tarehe 13, akiwa na umri wa miaka 25. Na kwamba mwenzake wa New York aliuawa Los Angeles tarehe 9 Machi 1997, akiwa na miaka 24. Uwezo wa kusoma na kukumbuka anao. Sisi ndio hatujampa kitu cha kumfanya autumie.

Lakini nilipolisoma daftari lile kwa makini niliona upungufu, na upungufu huo si wa kijana. Ni wa habari zenyewe jinsi zinavyomfikia. Kila maisha yaliyomo yamekatwa mwanzo na kukatwa mwisho, zikabaki kurasa za katikati, zenye bunduki na magari. Al Capone anatawala Chicago, basi. Haielezwi kwamba aliyemwangusha si mwenye bunduki bali karani wa mahesabu: mwaka 1931 mahakama ilimhukumu kifungo cha miaka 11 kwa kukwepa kodi. (Naona ndugu zetu wa mapato wanatabasamu, wana haki.) Haielezwi kwamba alipotoka kifungoni mwaka 1939 alikuwa mgonjwa, akili yake imekwisha kuharibiwa na kaswende, na kwamba mwaka 1947 alikufa akiwa mtu wa kuhurumiwa.

Tupac, lasema daftari, "alilelewa na mtaa". Ni kweli kwamba aliuonja umaskini, na kwamba mama yake aliwahi kuzama katika madawa ya kulevya. Lakini mama huyo, Afeni Shakur, alikuwa mwanachama wa Black Panther, chama cha Wamarekani Weusi waliokataa kuonewa. Alishtakiwa New York pamoja na wenzake, akajitetea mwenyewe mahakamani akiwa mjamzito, na Mei 1971 wakaachiwa huru. Mwezi uliofuata akamzaa mwanawe. Jina alilopewa mtoto ni la Tupac Amaru, kiongozi wa wenyeji wa Peru aliyewaasi Wahispania na kuuawa mwaka 1781. Mtoto huyo alisoma katika shule ya sanaa ya Baltimore, akafundishwa mashairi na maigizo. Mtaa ulimlea, sikatai, lakini hata ufundi wake wa maneno ulipitia kwa walimu. Ukurasa huo haumo katika daftari la Muleba, wala haumo katika fulana zenye picha yake zinazouzwa sokoni.

Nije hapa jirani, Kenya, kwa sababu ndiko uliko mfano ninaotaka walimu waufikirie zaidi.

John Kiriamiti alizaliwa Murang'a mwaka 1950. Wazazi wake wote wawili walikuwa walimu wa shule ya msingi. Hakutoka jalalani basi. Alitoka katika nyumba yenye chaki na vitabu, kama zilivyo nyumba za wengi wenu. Alipata nafasi katika shule kubwa ya Nairobi, na akiwa kidato cha kwanza akafukuzwa kwa kuwa miongoni mwa viongozi wa mgomo wa wanafunzi. Kijana mwenye akili, mwenye hasira, asiye na shule, akiwa peke yake katika jiji: yaliyofuata mnaweza kuyakisia. Alianza kwa wizi wa mifukoni, akaendelea hadi kuvamia mabenki. Januari 1971 alihukumiwa kifungo cha miaka 20 na viboko 48. Akiwa gerezani aliandika kitabu, na mwaka 1984, mwaka ule ule aliotoka, kitabu kikachapishwa kwa jina la "My Life in Crime". Kimesomwa na vijana wa Afrika Mashariki kwa miongo minne sasa, kikipitishwa chini ya madawati.

Wako wanaosema kitabu hicho kimezalisha majambazi. Sina ushahidi wa hilo, na sidhani wanao. Ninalojua ni kwamba mwandishi mwenyewe aliona kuna jambo halijasemwa, kwa maana mwaka 1989 alitoa kitabu cha pili, na safari hii msimulizi si jambazi. Ni Milly, mwanamke aliyempenda bila kuijua kazi yake. Mambo ni yale yale, lakini yanaonwa na mtu aliye nyumbani, anayesubiri mlango ugongwe. Baadaye, mwaka 2004, kikafuata cha tatu, juu ya maisha ya gerezani. Kwa hiyo anayetaka kuyasoma maisha ya jambazi huyo kwa ukamilifu hana budi kusoma vitabu vitatu. Vijana wetu aghalabu hukipata kimoja tu, nacho ni cha kwanza.

Sasa ndugu zangu, katika daftari lile lenye Chicago, Nairobi na Temeke, hamna hata ukurasa mmoja wa Kagera. Je, ni kwa sababu sisi hatujapata kuwa na ujambazi? La hasha. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, yakaishika ardhi yetu iliyo kaskazini ya mto Kagera, yakaua na kupora. Daraja la Kyaka likavunjwa. Tulishinda vita hiyo mwaka 1979, lakini silaha hazikuisha kama vita ilivyoisha. Ikafuata miaka ya magendo, kahawa ikivushwa usiku kwenda Uganda na bidhaa za dukani zikirudi kwa njia hiyo hiyo, hata mwaka 1983 Serikali ikatangaza vita dhidi ya wahujumu uchumi. Kisha yakaja maafa ya Rwanda: mwishoni mwa Aprili 1994 watu wanaokadiriwa kufika 250,000 waliingia Ngara kwa muda wa takriban siku moja tu. Wengi mno kati yao walikuwa wanyonge waliokimbia kifo, lakini silaha haiulizi cheti cha ukimbizi.

Kwa miaka mingi baada ya hapo, anayesafiri kwa basi kutoka Bukoba kwenda Kahama alijua maana ya pori la Kasindaga na mapori ya Biharamulo. Mabasi yalipangwa msafara, askari wakapanda na bunduki. Mimi nilipita huko nikiwa mtoto. Nakumbuka kondakta akiwaambia abiria wafunge mapazia, na mama mmoja akiificha noti ndani ya mkungu wa ndizi. Hakuna aliyeimba juu ya safari ile. Dereva aliyelala chini kifudifudi barabarani, mfanyabiashara aliyerudi kwake bila mtaji na bila jicho, askari aliyeacha mjane: hao ndio wahusika wa habari za ujambazi katika mkoa huu, na hawajaandikwa. Kijana wetu anajua jina la mtu aliyeendesha gari alimopigwa risasi Tupac. Ya abiria wa Kasindaga hajapata kuyasikia.

Na hiyo sifa ya "kulelewa na mtaa", je? Hapa ndugu zangu naomba tusikilizane vizuri, maana hakuna mkoa katika nchi hii unaoijua habari hiyo kuliko huu. Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa hapa Kagera. Watu waliuita ugonjwa huo Juliana, jina la nguo iliyokuwa ikija na wafanyabiashara wa magendo kutoka Uganda. Wale waliokuwa wakionekana wajanja wa wakati wao, wenye fedha na nguo mpya, walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuzikwa. Vibanja vikaachwa mikononi mwa bibi na watoto. Kuna nyumba ambamo mtoto wa miaka 12 aliwapikia wadogo zake, akawapeleka zahanati, akamfukuza mjomba aliyekuja kuuza kahawa ikiwa bado mtini.

Ingekuwa kweli kwamba mtoto akilelewa na taabu hana njia ila bunduki au kipaza sauti, Muleba yote ingekuwa kambi ya majambazi. Haikuwa. Kule Nshamba, yatima wenyewe, wakisaidiwa na mradi wa Humuliza, waliunda chama chao wakakiita Vijana Simama Imara, wakajiongoza na kusaidiana. Baadhi yao walipotea, hilo tusilifiche. Walikwenda visiwani kuvua, walikwenda Mwanza, wengine hawakurudi. Lakini walio wengi leo ni watu wazima, ni wakulima, mafundi, wauguzi, na sitashangaa kama wamo walimu kati yao humu ukumbini. Wameamua kunyamaza, na haki yao ni kunyamaza. Ila ukimya wao umemwachia Al Capone nafasi.

Wazee wetu hawakunyamaza hivyo. Mpiga enanga wa Kihaya hakuwaimba watu wapole tu. Profesa Mugyabuso Mulokozi, mzaliwa wa mkoa huu, alizikusanya na kuzichambua tendi hizo, na kati yake umo ule wa Rukiza, mtu aliyepambana na mtawala wake. Jambo moja nililojifunza katika kazi yake ni kwamba utendi wa enanga haumkatishi mtu njiani. Msikilizaji huambiwa kiburi na uhodari kwa pamoja, huambiwa nani alilia. Watoto walikaa hapo hapo, pembeni ya rubisi ya wakubwa, wakasikiliza. Hakuna aliyewafukuza.

Nitasema neno juu ya wafokaji wetu wenyewe, kwani najua wako kati yenu wanaoona muziki huo ni kasumba tupu. Joseph Mbilinyi wa Mbeya alitoa kanda yake "Ni Mimi" mwaka 1995, wakati redio zilikuwa bado zinasitasita. Joseph Haule, Profesa Jay, alimkejeli katika "Ndio Mzee" mgombea anayeahidi kila kitu, na nchi nzima ikacheka kwa sababu ilimtambua. Wote wawili baadaye waliingia Bungeni, Mbilinyi mwaka 2010 na Haule mwaka 2015, na wote kwa tiketi ya chama cha upinzani. Mimi ni mwandishi wa Chama, sioni aibu kulisema hilo. Naona afadhali tujiulize kwa nini vijana waliosema lugha ya vijiweni walibisha kwanza mlango wa wengine. Baadaye Hamisi Mwinjuma aliingia Bungeni mwaka 2020 akiwa na kadi yetu, na mwaka 2023 akawa Naibu Waziri. Tulichelewa, lakini tulifika. Daftari la Muleba linawataja wote watatu kwa nyimbo na majina yao ya kisanii. Kwamba walipata kuwa wabunge, halisemi.

Basi nirudi kwa swali la mwalimu. Asifukuzwe. Sisemi hivi kwa huruma. Kiriamiti alifukuzwa, na aliyefaidika ni genge lililomwokota. Genge siku zote lina nafasi kwa kijana mwenye kumbukumbu nzuri. Wala daftari lisichomwe moto, maana ataliandika upya, na safari ya pili atalificha vizuri zaidi.

Ninachopendekeza hakihitaji fungu la fedha. Kijana apewe daftari la pili. Apelekwe kwa dereva mstaafu aliyeendesha basi kupita Kasindaga, akamwulize na kuandika. Aende Nshamba, kwa mtu atakayekubali kuzungumza, na asiyekubali asilazimishwe. Ofisi ya magereza, kwa utaratibu wake, imtafutie mtu aliyetumikia kifungo cha unyang'anyi akatoka, aeleze siku yake ya kwanza nyumbani ilikuwaje, nani alimfungulia mlango, nani hakumfungulia. Mwalimu wa Kiswahili asahihishe lugha na mwalimu wa historia asahihishe miaka. Ndugu watumishi, mtakapopelekewa barua na mwanafunzi anayeomba kuonana na mtu au kuona kumbukumbu, msimzungushe wiki tatu kutoka meza hadi meza. Tunajuana.

Daftari la kwanza, mara ya mwisho nilipouliza, lilikuwa bado limefungiwa katika kabati la ofisi ya walimu. Nimemwomba mwalimu amrudishie mwenyewe, na kikao cha nidhamu, nimeambiwa, ni Jumatatu ijayo.